Hemu ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi, simu yangu huanza kuita. Ni watu wanaotaka hemu ya Krismasi, na wengi wao siku hizi hawataki niwauzie. Wanataka kuitengeneza wenyewe. Nimeitengenezea jikoni kwangu hapa Njombe kwa miaka kadhaa, kwa friji la kawaida na pipa, na maswali ninayopokea ni yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ili nami nipumzike kidogo.

Hemu ni nini hasa, na ina tofauti gani na kitimoto ya kuoka?

Ni paja la nyuma la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi mpaka likakolea hadi katikati, kisha likapigwa moshi. Ile ninayoieleza hapa huiva humohumo kwenye moshi, kwa hiyo unaikata na kuila. Tumbo likifanyiwa kazi hiyo linaitwa bekoni. Bega nalo linakubali vizuri, na ni rahisi kwa bei, ila mwenye kujua atakuambia hiyo si hemu.

Kitimoto ya kuoka ikiiva huwa ya kijivu ndani. Hemu ni ya waridi, na ladha yake ni nyingine kabisa. Tofauti hiyo haitoki kwenye moshi, inatoka kwenye chumvi. Na nikisema chumvi simaanishi ya mezani peke yake, kama utakavyoona chini.

Je, ni ile ya Italia inayoliwa mbichi?

Hapana. Ile ya Parma ni paja na chumvi tu. Hutundikwa kwenye vyumba vyenye hewa na unyevu unaodhibitiwa kwa zaidi ya mwaka, na watu waliorithi kazi hiyo kwa wazazi wao. Wahispania nao wana yao. Sikushauri ujaribu hemu mbichi nyumbani, na mimi mwenyewe sijaribu. Watu huniambia, "Lakini Njombe ni baridi!" Ni kweli, usiku wa Juni na Julai hapa huwezi kutoka bila koti zito. Lakini saa nane mchana jua likiwaka, nyama iliyotundikwa barazani imeshapata joto la kutosha kuharibika. Baridi ya usiku tu haitoshi.

Babu yangu alitundika nyama juu ya mafiga, haikuoza wala hakuwa na friji. Kwa nini mimi nihangaike?

Swali hili nalipenda, kwa sababu babu yako alikuwa sahihi na wewe pia utakuwa sahihi ukihangaika. Ile nyama ya darini juu ya moto ilichanwa vipande vyembamba. Joto na moshi wa kila siku viliinyang'anya maji mpaka ikawa ngumu kama ukanda wa ngozi, na bakteria hawawezi kuzaliana mahali pasipo na maji. Ni njia ileile ya dagaa na samaki wa kubanikwa kando ya Ziwa Nyasa.

Paja la nguruwe lina unene wa sentimita 12 hadi 20. Moshi unaingia milimita chache tu. Ndani, karibu na mfupa, hakuna moshi, hakuna hewa, kuna maji tele na uvuguvugu. Ukilitundika hivyo juu ya mafiga, nje litapendeza na ndani litaoza. Moshi ni ladha, rangi na ulinzi wa ngozi ya nje. Kinachoilinda hemu ni chumvi iliyopimwa, baridi ya friji, na joto la kuivisha. Mtu anayenipigia akianza na swali la kuni, najua bado hajafika kwenye mambo yenyewe.

Ninunue nyama ya namna gani?

Paja la nyuma la nguruwe wa miezi sita hadi minane, aliyekaguliwa, lenye mhuri wa mkaguzi. Usinunue nyama ya kificho kwa sababu ya punguzo. Katika maeneo ambako nguruwe wanaachwa wajitafutie chakula, tegu ni jambo la kweli. Ukikata nyama ukaona vijifuko vyeupe kama punje za mchele zilizojaa maji, irudishe, na umwambie mwenye bucha mbele za watu.

Uliza pia kama dume alihasiwa. Dume asiyehasiwa anaweza kuwa na harufu kali ambayo chumvi haiiondoi wala moshi haufichi. Kipimo changu ni kukata kipande kidogo cha mafuta, kukiweka kwenye kikaango cha moto na kunusa. Harufu ya mkojo ikikupanda puani, achana na paja hilo.

Jambo la tatu ni baridi. Kwetu mtu husifia nyama kwa kusema, "Dada, hii imechinjwa asubuhi hii, bado ya moto." Kwa supu ni sawa. Kwa hemu hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Paja la moto hukaa na joto mfupani kwa saa nyingi. Likiingia friji lifunue, liache usiku kucha mpaka katikati pafike nyuzi 4 au chini, ndipo uanze kazi.

Na usianze na paja zima. Paja zima lenye mfupa lina kilo 8 hadi 11 na halitaingia kwenye friji lako. Mwambie akutolee mfupa wa nyonga na wa paja, kisha akukatie kipande cha steki cha kilo 3 au 4 chenye ngozi na mafuta upande mmoja.

Vifaa gani ni vya lazima?

Mizani ya kidijitali, tena miwili ukiweza: mmoja wa kupima kilo, mwingine mdogo wa kupima gramu moja moja kama ule wa waoka keki. Kipimajoto cha nyama chenye sindano. Kile cha kupimia homa kinaishia nyuzi 42, usijidanganye nacho. Bomba la sindano nene la kuingizia maji ya chumvi, linalouzwa kwa ajili ya nyama. La dawa ya mifugo lililokwishatumika, hapana. Chombo cha kulazia kiwe ndoo ya plastiki ya chakula au cha chuma cha pua. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini haipatani na chumvi: inalika, na nyama inapata ladha ya chuma. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inabaki kuwa ndoo ya rangi.

Chumvi ya pinki ni ipi? Ninayo ya Himalaya, itafaa?

Haitafaa, na mkanganyiko huu ni wa hatari kwa pande zote mbili. Ile ya Himalaya ni chumvi ya kawaida iliyopata rangi kutokana na madini ya mwamba. Chumvi ya kuhifadhia nyama ni chumvi ya kawaida iliyochanganywa na nitriti ya sodiamu, kisha ikatiwa rangi ya waridi makusudi ili mtu asiinyunyize kwenye mayai akidhani ni ya mezani.

Utaipata kwa wauzaji wa vifaa vya bucha na soseji katika miji mikubwa, au kwa kuagiza. Soma pakiti. Aina ya Kimarekani huandikwa nitriti asilimia 6.25. Aina ya Ulaya ina asilimia 0.4 hadi 0.6 tu. Hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa na vipimo vyake havifanani. Pakiti isiyoonyesha asilimia usiinunue, hata muuzaji akiapa.

Nyumbani iweke kwenye chupa yenye jina kubwa, juu, mbali na watoto na mbali na chumvi ya kupikia. Nitriti nyingi huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na kiasi kidogo tu kinaweza kuua.

Inafanya nini hasa? Siwezi kuiacha?

Inafanya kazi tatu. Inashikamana na rangi nyekundu ya nyama na kuifanya ibaki ya waridi hata ikiiva. Inaleta ile ladha ya hemu ambayo chumvi pekee haina. Na inamzuia bakteria anayeitwa Clostridium botulinum.

Huyo bakteria anastahili hadithi yake, maana sayansi ilimfahamu kupitia hemu. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, bendi ya matarumbeta ilipiga kwenye mazishi ya mzee mmoja, kisha wakakaribishwa chakula. Wakala hemu iliyotiwa chumvi na kupigwa moshi, bila kupikwa. Wengi wao waliugua: macho yakaona vitu viwili viwili, koo likashindwa kumeza. Watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem aliichunguza hemu ile, akamkuta bakteria ndani yake, akachapisha matokeo mwaka 1897. Neno "botulinum" limetokana na "botulus", yaani soseji kwa Kilatini, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameshaijua sumu ya bakteria huyu kwenye soseji zao miongo mingi kabla. Bakteria huyu hapendi hewa. Anapenda kukaa katikati ya kipande kinene chenye unyevu na uvuguvugu, na sumu yake haina harufu ya kukuonya.

Ndiyo, unaweza kuiacha nitriti. Utapata nyama ya chumvi ya kijivu yenye ladha ya moshi. Lakini hapo usiilaze siku nyingi, na usiipige moshi wa taratibu kwa saa nane; ioke kwa joto la kueleweka na uile siku mbili tatu zinazofuata.

Nimeambiwa magadi au shura vinafanya kazi hiyohiyo. Kweli?

Magadi, hapana. Magadi ni jamii ya soda, yanalainisha maharage, hayana nitriti hata chembe. Shura ni habari nyingine: ni nitrati ya potasiamu, na kwa karne nyingi wenzetu waliitumia kwa hemu. Lakini nitrati lazima kwanza igeuzwe kuwa nitriti na bakteria walio kwenye nyama, na kwenye friji la baridi kazi hiyo huenda polepole bila kutabirika. Kwa mtu wa nyumbani haina faida.

Kuna aliyeniuliza kuhusu mbolea kwa kuwa "nayo ni nitrati". Mbolea si chakula. Inawekwa shambani.

Nipe vipimo.

Siri ni kupima nyama na maji kwa pamoja, kisha kukokotoa chumvi ya jumla yote. Ukifanya hivyo, chumvi itajigawa sawa kati ya maji na nyama, na hata ukichelewa siku mbili nyama haitakuwa kali.

Tuseme una nyama kilo 4 na maji lita 2 yaliyotosha kuifunika. Jumla gramu 6,000. Chumvi yote iwe asilimia 2.5, yaani gramu 150. Ukitumia ile ya nitriti asilimia 6.25, weka gramu 2.5 kwa kila kilo ya jumla: gramu 15. Ndani ya hizo 15, takribani 14 ni chumvi ya kawaida, kwa hiyo unaongeza ya jikoni gramu 136. Sukari guru gramu 60. Kipimo hicho kinatoa kama miligramu 156 za nitriti kwa kilo, na hiyo inatosha.

Ukiwa na ile ya Ulaya ya asilimia 0.6, yote gramu 150 inakuwa hiyo, bila chumvi nyingine. Ukichanganya hesabu za aina hizi mbili, ukaweka gramu 150 za ile kali, umetengeneza sumu. Mwaga maji, tupa nyama, lia kidogo, anza upya.

Kijiko hakipimi chumvi. Kijiko cha chumvi laini ya pakiti na kijiko cha chumvi ya mawe havina uzito sawa hata kidogo. Ya jikoni ikiwa na madini joto haina neno, mimi ndiyo ninayotumia.

Viungo vya kuweka ni vipi?

Karafuu sita, pilipili manga kijiko kimoja, mdalasini kijiti kimoja, vitunguu saumu vitatu vilivyopondwa. Tangawizi mbichi usiweke, inalainisha nyama kupita kiasi na nje inakuwa kama uji. Chemsha viungo na nusu ya maji, chumvi ya jikoni na sukari, acha vipoe, ongeza maji mengine ya baridi mpaka yarudi lita 2, tia friji. Yakiwa baridi kabisa ndipo ukoroge chumvi ya nitriti, kisha nyama.

Sindano ni lazima?

Kwa kipande chembamba, hapana. Kwa kipande cha unene wa zaidi ya sentimita 8, kwangu ni lazima. Paja langu la kwanza lilikuwa zima na lenye mfupa. Nililitumbukiza kwenye maji ya chumvi siku nane, nikajisifu kwa majirani, nikalipiga moshi Jumamosi nzima. Jumapili nilipolikata mbele ya wageni, harufu ilitoka mfupani kabla kisu hakijafika. Chumvi ilikuwa bado njiani, uozo ulikuwa umeshatangulia. Tulikula ugali na mayai.

Vuta maji yaleyale ya chumvi, kiasi cha asilimia 10 ya uzito wa nyama. Kwa kilo 4 ni gramu 400. Choma kila baada ya sentimita 3, katikati zaidi, na kama kuna mfupa, kandokando yake pande zote. Yatakayovuja yarudi ndooni, hesabu haiharibiki.

Ilale siku ngapi?

Kipande cha kilo 4 kilichopigwa sindano, siku 6 hadi 7. Bila sindano, siku 14. Paja zima lenye mfupa lililopigwa sindano vizuri, siku 10. Friji liwe kati ya nyuzi 2 na 4. Likandamize kwa sahani yenye uzito lisielee, na ligeuze kila baada ya siku moja au mbili. Maji yakianza kuvutika kama bamia, yamepata joto na bakteria wameila sukari. Nyama hiyo usijaribu kuiokoa.

Umeme ukikatika?

Utakatika. Kabla hujaanza, gandisha chupa nne tano za maji za lita moja na nusu. Umeme ukikatika usifungue friji. Likiwa limefungwa hushika baridi kama saa 4. Zikipita, zungushia ndoo zile chupa, au hamishia kila kitu kwenye kibaridi cha kubebea soda. Weka kipimajoto ndani ya maji yenyewe. Yakipanda juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, mimi huitupa. Najua bei ya nyama. Najua pia habari za Ellezelles.

Kabla ya moshi nifanye nini?

Itoe, isuuze kwa maji baridi, ikaushe kwa kitambaa safi. Kata kipande chembamba ukikaange na kuonja: hii ndiyo nafasi ya mwisho. Ikiwa kali, iloweke kwenye maji baridi frijini saa kadhaa. Kisha iweke kwenye wavu frijini bila kufunikwa, usiku mzima. Asubuhi juu yake patakuwa pakavu na panaponata kidogo kama karatasi iliyopakwa gundi ikakauka. Moshi unashika hapo. Kwenye nyama iliyoloa, moshi hugeuka michirizi myeusi michungu.

Kuni gani?

Hapa Njombe tumebarikiwa. Matawi ya mparachichi yanayopogolewa, na ya mtufaha, maana matufaha yanakubali huku. Mpera ni mzuri mno. Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga wana mibuni mikuukuu inayong'olewa, pwani wana miembe. Uwe mti mgumu wa matunda, umekauka miezi sita au zaidi, bila ukungu.

Usitumie msindano, mkaratusi wala mwarobaini: utomvu, mafuta na uchungu. (Wajerumani wa Msitu Mweusi wanaipiga hemu yao moshi wa misonobari, ya baridi, kwa wiki kadhaa. Ni mila yao na wanajua wanachofanya.) Mnyaa usiusogeze, utomvu wake ni sumu. Mabaki ya mbao kwa fundi seremala, hapana: huwezi kujua ipi ilitiwa dawa ya mchwa na ipi ni ya kubandikwa kwa gundi.

Sina jiko la moshi. Pipa litafaa?

Ninalotumia ni pipa la lita 200 lililokuwa na mafuta ya kula. Pipa la petroli, kemikali au dawa ya shamba lisikukaribie. Nililichoma moto mkali tupu mpaka rangi yote ikatoka, nikalisugua, nikatoboa matundu ya hewa chini na moja la kufungia juu. Nondo mbili zinapita juu kushikilia kulabu. Usitumie bati jipya la mabati karibu na moto, zinki yake ikipata joto kali hutoa moshi wenye madhara.

Chini naweka mkaa kidogo upande mmoja, juu yake kuni za mparachichi mbili tatu za ukubwa wa kiganja. Nyama haikai juu ya moto moja kwa moja. Joto ndani ya pipa liwe nyuzi 90 hadi 110. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wenye ubluu kidogo, karibu huuoni. Ule mweupe mzito unaowafurahisha watoto ndio unaoleta uchungu kooni. Ukiuona, ongeza hewa. Na tafadhali msiloweke kuni. Kuni iliyoloa inatoa mvuke kwanza, kisha moshi mbaya.

Nitajuaje imeiva?

Kwa kipimajoto, katikati ya sehemu nene kuliko zote, bila kugusa mfupa. Nyuzi 63 na kupumzika dakika chache ndicho kiwango cha chini cha usalama kinachotolewa na Wamarekani kwa kipande kizima cha nguruwe. Mimi huenda 68. Tegu hafiki hapo akiwa hai, na nyama bado ina maji yake. Ukifika 80 imeanza kuchambuka nyuzinyuzi.

Saa? Kipande cha kilo 4 hunichukua saa 5 hadi 7. Upepo ukivuma huku kwetu ni zaidi. Kuna saa ambapo joto la ndani hukwama karibu na nyuzi 60 na haliendi. Usiongeze kuni kwa hasira, jasho la nyama linaipoza na litakwisha. Kama jua linazama na uvumilivu umekwisha, maliza kwenye oveni, au kwenye maji ya nyuzi 75 hadi 80. Moshi wa saa tatu za kwanza ndio uliofanya kazi kubwa. Ukimalizia kwa maji usiyaache yatokote. Huku juu Njombe maji hutokota kabla hayajafika nyuzi 95, lakini hata hiyo ni nyingi mno.

Nimeikata, katikati ni ya kijivu na pembeni ni ya waridi. Iliharibika?

Chumvi haikufika katikati. Kama ilikaa frijini muda wote, haina harufu, na ilifika nyuzi 68, ile mapema kama kitimoto ya kawaida. Mara nyingine ongeza siku, au choma sindano katikati. Ule mng'ao wa kijani na zambarau kama mafuta juu ya maji ni mwanga tu unaocheza kwenye nyuzi za nyama zilizokatwa. Kijani chenye utelezi na harufu ni jambo jingine, na pua yako itajua.

Inakaa muda gani?

Ikipoa, frijini ikiwa nzima ni wiki moja. Vipande vilivyokatwa, siku 3 hadi 5. Kwenye friza, mwezi mmoja hadi miwili. Zaidi ya hapo haikudhuru, ila chumvi huharakisha mafuta kuchacha na utamu unaondoka. Mezani sikukuu, saa mbili kisha irudi frijini, hata kama mjomba bado hajafika.

Ni salama kula mara kwa mara? Nimesikia habari za saratani.

Ulichosikia ni kweli. Oktoba 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka nyama iliyosindikwa, hemu ikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Makadirio yao ni kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kuitengeneza nyumbani hakuibadilishi kuwa nyingine. Na chumvi: kipande cha gramu 100 kina gramu 2.5 au zaidi kidogo, wakati WHO inashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye presha ahesabu. Kwangu hemu ni Krismasi, Pasaka na harusi.

Sisi hatuli nguruwe. Njia hii inafaa kwa nyama nyingine?

Inafaa sana. Wanorwe wana paja la kondoo la chumvi, na Waturuki wana nyama ya ng'ombe ya viungo vikali. Kwa pipa letu, chukua paja la kondoo au la mbuzi mchanga lililotolewa mfupa, vipimo vilevile, siku 5 kwa sindano, joto la ndani 68. Mbuzi hana mafuta mengi, mpake samli kila saa moja.

Nipake nini juu kwa ajili ya sikukuu?

Ikifika nyuzi 55 ndani, vua ngozi, chora mafuta msalaba msalaba, chomeka karafuu kila pembe. Asali vijiko vinne, haradali viwili, maji ya chungwa kidogo. Paka mara tatu kila baada ya dakika 20. Ukipaka mapema, asali inaungua na hemu yako inafanana na gurudumu.

Mifupa na ngozi nifanyie nini?

Kama ulimwambia mwenye bucha akupe mfupa alioutoa, ulaze na upige moshi pamoja na nyama, kisha uchemshe na maharage ya Mbeya bila kuongeza chumvi mpaka uonje. Ngozi vilevile, inalainika baada ya saa mbili.

Mabaki usiwatupie nguruwe, wako wala wa jirani. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haimdhuru mtu, lakini virusi vyake vinaweza kuishi miezi kwenye nyama ya chumvi na moshi, na banda zima likaisha kwa wiki. Fukia shimo refu, au choma kwenye makaa yaliyobaki chini ya pipa.